Nyumba Moja, Serikali Tisa

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.

Juma hili nataka nianze kwa kuomba radhi. Ninayemwomba radhi ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anayeishi Uingereza. Namwomba radhi hapa hapa redioni kwa sababu nilimsema mbele za watu, na mtu aliyesemwa mbele za watu haombwi radhi chumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba 2023 ukoo wetu ulikutana Tanga kuzungumzia karo ya mtoto wa marehemu kaka yetu. Kwa miaka minne shemeji ndiye aliyekuwa akituma fedha hizo, mwezi hadi mwezi, bila kukumbushwa. Mwaka huo fedha zikaanza kupungua. Mara zije nusu, mara zichelewe, mara zisije kabisa. Mimi, kwa ulimi huu huu ninaosemea nanyi, nikasimama nikasema: "Shemeji amekuwa mchoyo. Amehamia nyumba ya fahari, nyumba ambayo hata sakafu yake inatiwa moto, na sisi huku anatutupia makombo." Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakaongeza chumvi, kama ijulikanavyo desturi ya vikao.

Mwezi uliofuata, Januari 2024, Mungu akajalia nikasafiri. Mama yetu alikuwa ameitwa huko kumlea mdogo wangu aliyejifungua, nami nikapata nafasi ya kwenda kumjulia hali. Nyumba yenyewe ipo katika mji wa Reading, magharibi ya London. Ni nyumba kubwa ya kutosha, ya matofali, mita za mraba kama 160 hivi, juu na chini. Nikavua viatu mlangoni nikitegemea miguu yangu ipokewe na ule moto nilioutangaza Tanga.

Ndugu msikilizaji, sakafu ilikuwa baridi kama saruji ya zahanati.

Mama nilimkuta chumbani kwake, chumba cha chini kilicho pembeni upande wa kaskazini. Amevaa sweta mbili, kitenge kakifunga kichwani, soksi za sufu hadi magotini, na miguu kaipandisha juu ya mto wa kochi. Na huyu ni mwanamke wa Lushoto. Baridi ya milima ya Usambara mwezi wa Juni amekua nayo, haimtishi. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii ina mashine, ina mabomba, ina vidude ukutani kila chumba. Kitu ambacho haina ni moto."

Usiku ule shemeji akanionyesha bili ya umeme. Nikaisoma mara mbili. Mashine ile ya kutia joto nyumbani, kwa mita yake peke yake, ilikuwa ikila uniti 48 kwa siku. Uniti zao ni hizi hizi tunazozijua za Luku, ila bei ndiyo nyingine. Majira yale ya baridi ya mwanzo wa 2024 uniti moja ya umeme wa nyumbani ilikuwa karibu peni 29. Fanya hesabu mwenyewe. Ni kama pauni 14 kila uchwao, kwa nyumba ambayo bibi kizee anakaa na sweta mbili. Hapo ndipo nilipojua karo ya mtoto wetu ilikokuwa ikienda. Haikuliwa na mtu. Ililiwa na mashine.

Sasa ili tuelewane, sina budi kueleza mashine hiyo ni kitu gani, maana wengi wetu hatujaiona.

Sakafu ya moto si jambo geni duniani. Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu zao, na mabaki yake yapo hadi leo katika mji wa Bath, si mbali na Reading. Wakorea nao tangu zamani hupitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu ya vyumba vya kulala. Siku hizi badala ya moshi hutumika maji. Mabomba membamba ya plastiki huzungushwa sakafuni kama nyoka aliyejikunja, yakafunikwa na saruji, na maji ya moto yakapitishwa humo. Mabomba yote hukutana mahali pamoja, kwenye kigawanyio, ambapo kila chumba kina njia yake ya maji.

Ama mashine ya kupasha maji hayo, kule wanaiita pampu ya joto. Usiogope jina. Nenda kwa muuza soda yeyote wa mtaani kwako, peleka mkono nyuma ya friji yake. Utakuta kuna joto. Joto hilo limetoka ndani, kwenye soda, likasukumwa nje. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Inachukua joto la nje, hata kama nje kuna baridi ya kugandisha maji, inalikusanya na kulisukuma ndani. Mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliiandika fikra hiyo mwaka 1852. Mwaka 1938 jumba la halmashauri ya mji wa Zürich, Uswisi, lilitiwa joto kwa mashine ya namna hiyo iliyovuta joto la mto Limmat.

Faida yake ni kwamba umeme hautumiki kutengeneza joto bali kulihamisha. Kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kuleta ndani uniti tatu au nne za joto. Hapo hakuna uchawi. Hamali mmoja aweza kubeba magunia mengi kuliko uzito wake mwenyewe, mradi umpe nafasi ya kwenda na kurudi.

Lakini hamali huyo ana sharti. Ukimwambia apandishe mzigo mlima mfupi, atabeba mingi. Ukimpandisha mlima mrefu, atabeba michache na jasho litamtoka. Mlima wenyewe ni tofauti kati ya baridi ya nje na moto wa maji unaoyataka. Ukitaka maji ya nyuzi 35, yanayotosha kwa sakafu iliyotengenezwa vizuri, mashine inafanya kazi kwa raha. Ukitaka nyuzi 50, inahema. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi moja unayoipandisha inakupotezea asilimia mbili hadi tatu ya faida. Nyuzi 15 za ziada si kitu cha mchezo.

Serikali ya Uingereza inataka watu waziache tanuri za gesi, na kwa England na Wales ilianza mwaka 2022 kutoa ruzuku ya pauni 5,000 kwa anayeweka pampu ya joto, ikaipandisha kuwa pauni 7,500 Oktoba 2023. Shemeji alikuwa mmoja wa waliochukua ruzuku hiyo. Ila tatizo ni kwamba mwaka ule wa 2024 umeme kule uliuzwa karibu mara nne ya bei ya gesi kwa uniti. Maana yake mashine ikizembea, ikaleta uniti mbili tu badala ya tatu na nusu, mwenye nyumba anaumia kuliko alipokuwa na gesi.

Na hapo sasa ndipo tunapofika kwenye serikali tisa.

Aliyeijenga mitambo ya nyumba ile, ambaye sitamtaja, aliigawa nyumba katika mikoa tisa. Sebule mkoa wake, jiko mkoa wake, chumba cha kulia mkoa wake, chumba cha Mama, korido, bafu, na vyumba vitatu vya juu, kila kimoja na mkoa wake. Kila mkoa ukapewa kidhibiti joto ukutani, kidude chenye namba na saa. Chumba kikifika joto kilichoamriwa, kidude hicho kinatuma amri kwenye kigawanyio, na njia ya maji ya chumba hicho inafungwa. Fundi akamweleza shemeji: "Chumba usichokitumia, kifunge. Kwa nini upashe moto chumba kisicho na mtu?"

Nikuulize, msikilizaji, nani angemkatalia? Maneno yana sauti ya busara. Bibi zetu walituambia tuzime taa tunapotoka chumbani. Nami nilimkubalia fundi yule kabisa, mpaka Mama alipouliza swali lake.

Mashine yenyewe, ile sehemu yenye feni, imekaa nje, chini ya dirisha la Mama. Asubuhi ya tatu Mama akaniambia, "Hebu kaa hapa usikilize. Mashine yao hii mbona inawaka inazima, inawaka inazima, kama mtoto mwenye kwikwi?"

Nikakaa. Nikavua saa yangu mkononi nikaiweka dirishani. Katika saa moja mashine iliwaka mara sita, na mara zote sita ilizima kabla ya dakika sita kutimia. Nikaandika kwenye karatasi. Siku ya pili nikahesabu tena, ikawa mara saba. Shemeji alipoiona karatasi ile akampigia simu fundi mwingine, mzee wa makamo aliyezoea kazi hizo. Akaja na miwani yake puani, akaisoma karatasi, akacheka kidogo, akasema tumekwisha kumfanyia nusu ya kazi.

Akatueleza hivi, nami nakueleza kwa mfano wa kwetu. Umewasha majiko ya pilau ya harusi, mkaa gunia zima, moto umekolea. Halafu juu yake ukaweka kisufuria cha chai ya mtu mmoja. Itakuwaje? Chai itachemka mara moja na kumwagika, nawe utakimbia kuondoa mkaa. Ikipoa utarudisha mkaa. Utashinda hivyo kutwa, mkaa unakwisha, na chai hujanywa.

Mashine ya shemeji ina nguvu ya kilowati 10. Inaweza kujipunguza, lakini haishuki chini ya tatu na nusu hivi. Sasa fikiri ni saa nane mchana. Vidude vinane vimefunga njia zao, kimebaki kimoja, cha bafu au chumba cha mtoto, kinaita joto. Chumba hicho kinahitaji pengine nusu kilowati. Mashine inaleta tatu na nusu. Joto halina pa kwenda, maji yanapanda moto ghafla, mashine inaogopa na kujizima. Baada ya dakika chache maji yamepoa, inawaka tena. Na kila inapowaka, dakika za mwanzo ni za hasara, na kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mashine na ndiyo ghali, inachakaa. Dereva wa daladala anajua vizuri: mafuta huliwa na vituo, si na mwendo.

Jambo la pili. Nje kukiwa na unyevu na baridi iliyokaribia sifuri, hali ya kawaida kabisa kwa Uingereza, sehemu ile ya nje hufunikwa na barafu nyembamba. Ili kuiyeyusha, mashine hujigeuza kwa dakika chache, inakopa joto kutoka kwenye maji ya ndani ya nyumba. Kama njia zote tisa zimefunguka, maji ya kukopa ni mengi na hakuna atakayehisi. Kama imefunguka moja, mashine inakopa kwa maskini. Haipati, inapiga king'ora, na namba nyekundu inatokea kwenye kioo. Shemeji alikuwa akiamka usiku wa manane kuizima na kuiwasha upya, akidhani ameuziwa mashine mbovu.

Jambo la tatu ndilo lililomhusu Mama hasa. Kuta za ndani ya nyumba hazikuwekwa kitu cha kuzuia joto. Kinachozuiwa kutoka nje ni kuta za nje na dari. Kwa hiyo ukikifunga chumba kimoja, hakikai peke yake na baridi yake. Kinanyonya joto la jirani kupitia ukutani. Chumba cha Mama kipo pembeni, kuta mbili zake zinatazama nje, na za ndani zinapakana na chumba cha kulia na korido. Vyote viwili vilikuwa vimefungwa "kuokoa umeme". Basi chumba cha Mama kilikuwa kinapasha joto vyumba vitatu kwa bomba la chumba kimoja. Na bomba lenyewe ndilo refu kuliko yote, likipata maji machache kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa chini na kugawa maji kwa haki.

Na jambo la nne, saa. Fundi wa kwanza alivitegesha vidude vyote vishuke saa tatu asubuhi na vipande saa kumi na moja jioni, kwa hoja kwamba mchana watu wapo kazini. Hakuuliza. Angeuliza angeambiwa kuna mzazi, kuna mama wa kizee, na kuna mtoto mchanga. Halafu sakafu ya saruji si pasi ya umeme. Nene vile, inachukua saa nyingi kupata moto na saa nyingi kupoa. Ukiiamuru jioni, inakutii usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana fundi wa kwanza akapandisha maji hadi nyuzi 50, ili sakafu iwahi. Badala ya kumpa hamali muda, akamwongezea mlima.

Namwona msikilizaji mmoja anauliza: je, ina maana kugawa nyumba ni kosa? La hasha. Hata kanuni za ujenzi za England zinataka nyumba ya mita za mraba 150 au zaidi iwe na sehemu mbili zinazojitegemea, japo mbili. Nyumba kubwa yenye bawa la wageni lililotengwa vizuri, ligawe. Sebule yenye madirisha makubwa upande wa jua, iwekee kidhibiti, maana jua likiingia adhuhuri chumba kinaweza kupitiliza. Hayo ni ya haki. Lakini kutoka mbili hadi tisa ni safari, na kila hatua ya safari hiyo iliuzwa. Vidude tisa vya ukutani, vifungio tisa vya umeme, sanduku la kuviunganisha, na siku za kazi. Sisemi fundi yule ni mwizi. Nasema aliuza alichozoea kuuza, kwa elimu ya tanuri za gesi, akaifunga kwenye mashine yenye tabia nyingine.

Dawa ya mzee yule ilikuwa ndogo hata ikatuaibisha. Hakuleta kipuri hata kimoja. Kwanza alifungua njia zote tisa na kuamuru zibaki wazi. Vidude vya ukutani akavipandisha juu ili visiingilie tena, isipokuwa cha sebule, alichokitegesha nyuzi 22 kiwe mlinzi wa jua. Pili, akafuta saa zote. Tatu, akaiachia mashine ijipangie moto wa maji kwa kuitazama hali ya hewa ya nje. Nje pakiwa na baridi kali, maji yapande kidogo. Pakipata uvuguvugu, yashuke. Nne, akachuchumaa mbele ya kigawanyio, ambako kila njia ina kikombe cha kioo kinachoonyesha lita za maji zinazopita kwa dakika, akaanza kugawa. Chumba cha Mama akakiongezea. Vyumba vya juu, ambavyo watu wanataka kulala kwenye ubaridi kidogo, akavipunguzia. Kwa hiyo tofauti za vyumba zilibaki, ila zilipatikana kwa kipimo cha maji badala ya kufunga na kufungua.

Akasema, "Sasa kila baada ya siku mbili teremsheni moto wa maji kidogo. Msiguse zaidi ya mara moja. Mtu akilalamika baridi, rudini hatua moja, mkomee hapo." Kazi hiyo ilituchukua siku kumi na mbili, na kwa kweli nusu yake ilikuwa kumzuia shemeji asiguse.

Tukafika nyuzi 36. Saa yangu ikarudi dirishani. Asubuhi mashine iliwaka saa kumi na moja alfajiri, na mpaka tunakula chakula cha mchana ilikuwa bado inavuma polepole, sauti ya chini kama cherehani ya jirani. Sakafu haikuwa ya moto. Ukikanyaga hujui kama imewashwa. Lakini nyumba nzima ilikuwa na joto moja tulivu, na katika chumba cha Mama kipimo kilisoma nyuzi 21. Mama akavua sweta moja. Ya pili akasema ataivua akifika Muheza, na haki yake.

Mita ikasoma uniti 33 kwa siku badala ya 48, na hali ya hewa ya majuma hayo ilikuwa inakaribiana na ile ya mwanzo. Uniti 15 kwa siku, kwa bei ile, ni pauni nne na ushei. Kwa mwezi ni kama pauni 130. Kwa shilingi za wakati ule ni kiasi cha laki nne. Ndugu zangu mliokuwapo Tanga, mnakumbuka shemeji alikuwa akituma kiasi gani.

Sitaki kusema kila kitu kilinyooka, maana si kweli. Chumba cha kulala cha shemeji na mdogo wangu hakikushuka chini ya nyuzi 18, na shemeji ni mtu wa kulala na dirisha wazi. Zamani alikuwa akifunga kidude cha chumba chake, mkewe akija anafungua, na asubuhi hawaongei. Sasa hakuna cha kufunga. Anafungua dirisha kidogo, na mkewe anavuta blanketi. Na wakisafiri siku mbili tatu hawaizimi mashine, wanaipunguza tu, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa kwetu linauma moyoni. Lakini wamezoea.

Mama ndiye aliyenieleza kwa nini yeye hakushangaa. Alisema zamani kwao milimani moto wa mafiga haukuzimwa. Usiku ulifukiwa majivu, ukabaki unapumua, na asubuhi ulichochewa kidogo tu. Nyumba iliyozimiwa moto kila siku na kuwashwa upya, alisema, ilikuwa ni nyumba ya mtu asiye na kuni au asiye na akili.

Nawe msikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar usiseme haya ni ya Wazungu. Kiyoyozi cha ofisini kwako ni mashine ile ile, ila imeelekezwa upande mwingine. Nimeingia ofisi ambazo asubuhi kiyoyozi kinatiwa nyuzi 16 ili "kiwahi", saa nne watu wamevaa makoti, kinazimwa, saa tano jasho, kinawashwa. Ukikiweka nyuzi 25 ukakiacha, kitakwenda taratibu na bili itakuwa na adabu. Na fundi akikuambia unahitaji vidude tisa, muulize maswali matatu kabla hujatoa fedha. Mashine yangu kiwango chake cha chini kabisa ni kipi? Chumba kidogo kikibaki peke yake, joto au baridi ya ziada itakwenda wapi? Na nani anakaa nyumbani mchana? Asipokuwa na jibu la hayo, mpe chai umsindikize.

Kabla sijaondoka nilimwita shemeji pembeni nikamweleza niliyoyasema Tanga. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kaka, nilijua mnanisema. Lakini ningewaambia nini? Kwamba nina nyumba ya sakafu ya moto na siwezi kulipa karo? Mngeamini?"

Sikuwa na jibu. Nisingeamini. Na nina hakika wengi wetu wenye ndugu ng'ambo tusingeamini, maana tunahesabu nyumba zao kwa picha, hatujawahi kusoma mita zao.

Karo ya mtoto ilianza kuja tena mwezi Machi, kamili. Mimi nimebaki na deni la maneno, na leo nimelilipa mbele ya wale wale niliowakopea. Shemeji, kama unasikiliza, niwie radhi.